Mjapani wa ile meseji ya kufunga: Yoshinori Ohsumi aligundua nini hasa?



Wengi wenu mmeipokea ile meseji ya sauti kwenye simu. Inasema kuna mwanasayansi wa Japani aliyepewa Tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kwamba mtu akifunga, mwili wake unakula uchafu wote uliomo ndani pamoja na magonjwa: saratani, presha, sukari. Mwishoni msemaji anawauliza wasikilizaji kwa nini bado wanameza vidonge. Hapa Mashamba ilitufikia wiki moja kabla ya maombi ya siku kumi, na sisi, tuseme kweli, tulifurahi. Mchungaji gani asingependa kusikia kwamba maabara imekubaliana na mimbari? Tuliitaja Jumapili ile, kwa sentensi moja tu, bila kuichunguza.

Siku ya tano ya maombi mama mmoja wa kwaya, anayejidunga insulini kwa miaka mingi, alipelekwa hospitali kwa pikipiki, katikati ya watu wawili wakimshika asianguke. Alikuwa anahema kwa nguvu, mdomo umekauka, hajui yuko wapi. Aliacha sindano tangu siku ya kwanza. Baba wa nyumba alipotuuliza kama ni kweli tulisema vile kanisani, hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Mama alipona. Sisi tukabaki na deni. Kama jina la mtu limetajwa madhabahuni kwetu, ni haki tujue mtu huyo alifanya nini. Tulisoma tulichoweza kupata, tukakaa na daktari, tukakaa na mwalimu wa biolojia, na haya ndiyo tuliyoyapata. Ni habari nzuri kuliko ile ya meseji, na haimtumi mtu yeyote kutupa dawa yake.

Tuanze na sahani. Unapokula maharage, ndakala au yai pamoja na bukari, unapata protini. Mwili hauichukui protini ya maharage ukaibandika kwenye msuli. Kwanza unaivunja vipande vidogo, kisha unavitumia vipande hivyo kujenga protini zako mwenyewe: za misuli, za damu, za ngozi, na zile vimeng'enya zinazofanya kazi zote ndani ya seli. Mtu mzima anayekula vizuri hupata kama gramu 70 za protini kwa siku. Lakini kila siku mwili wake hujenga protini kati ya gramu 200 na 300. Nyingine zinatoka wapi? Zinatoka ndani. Mwili huvunja protini zake za zamani na kujengea vipande vilevile, mchana na usiku, hata kwa mtu aliyeshiba.

Jambo hili halikujulikana zamani. Wataalamu walidhani mwili mzima ni kama nyumba iliyokwisha kujengwa na chakula ni kama kuni tu za kupikia. Katika miaka ya 1930 Rudolf Schoenheimer, mkemia aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akaenda New York, aliwalisha panya chakula chenye naitrojeni nzito, yaani naitrojeni iliyotiwa alama ili iweze kufuatwa. Alitazamia kuiona ikitoka yote kwenye mkojo. Sehemu kubwa ilibaki mwilini, imeingia katika protini za panya, na panya hawakuongezeka uzito. Maana yake kitu kingine kilitolewa ili hicho kiingie. Nyumba ilikuwa inabomolewa na kujengwa wakati wenyewe wamelala ndani.

Ni nani anayebomoa? Hapa habari inapita kwa Wabelgiji. Christian de Duve alizaliwa Uingereza mwaka 1917, kwa wazazi waliokuwa wamekimbia vita, akasoma na kufundisha Louvain, chuo kikuu kilekile kilichosaidia kuanzisha Lovanium kule Kinshasa mwaka 1954. De Duve hakuwa anatafuta wabomoaji. Alikuwa anatafuta namna insulini inavyofanya kazi katika ini. Mwaka 1949 yeye na wenzake walisaga ini la panya na kupima kimeng'enya kimoja. Kipimo kikatoka chini kuliko walivyotarajia. Wakaiweka sampuli kwenye friji. Siku tano baadaye wakaipima tena, na kimeng'enya kilikuwa kimeongezeka sana. Kitu kilichokufa hakiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Kwa hiyo kilikuwemo tangu mwanzo, kimefungiwa ndani ya kifuko, na kifuko kilipozeeka kwenye baridi kikapasuka. Mtu mwingine angeimwaga sampuli ile na kuanza upya. De Duve alifuata kosa lake mpaka mwisho, na mwaka 1955 akakipa kifuko hicho jina: lisosomu. Ndani yake mna vimeng'enya vikali vya kuvunja karibu kila kitu ambacho seli inaundwa nacho, na ukuta wake ndio unaozuia seli isijichome.

Baadaye wataalamu wa hadubini waliona vipande vya seli yenyewe vikiwa ndani ya vifuko kama hivyo. Mwaka 1963 De Duve alilipa tendo hilo jina la Kigiriki, autofajia, maana yake kujila mwenyewe. Mwaka 1967 yeye na Russell Deter walionyesha kwamba glukagoni, homoni inayopanda wakati wa njaa, huongeza autofajia katika ini la panya. Shikeni hilo jina glukagoni, tutalirudia tukifika kwa mama wa kwaya. De Duve alipata Nobel mwaka 1974, pamoja na Albert Claude na George Palade.

Baada ya hapo njia ikaziba kwa miaka mingi. Watu walijua autofajia ipo, ila hawakujua ni jeni gani zinaiendesha, wala hawakuwa na namna nyepesi ya kuipima. Wengi waliona ni habari ya takataka za seli tu, na kijana mwenye akili alienda kutafuta heshima kwingine.

Ndipo anaingia Mjapani wa meseji. Yoshinori Ohsumi alizaliwa Fukuoka mwezi wa pili wa mwaka 1945, miezi michache kabla ya vita kwisha. Alianza na kemia, akahamia biolojia ya molekuli, akapata udaktari wake Tokyo mwaka 1974, kisha akaenda Rockefeller, New York, kwa Gerald Edelman, aliyekuwa na Nobel tayari. De Duve naye alikuwa na maabara katika nyumba hiyohiyo ya Rockefeller miaka ile, lakini Ohsumi hakwenda huko kwa ajili ya autofajia. Alishughulika na mayai ya panya kwanza, halafu na hamira. Alirudi Tokyo mwaka 1977 na kuendelea katika maabara ya mtu mwingine. Alipopewa maabara yake mwenyewe ilikuwa mwaka 1988, na yeye ana miaka 43. Sisi tulio katika umri huo tunajua namna watu wanavyoanza kukuhesabia: huyu alishafika alipofika.

Alichochagua kukitazama ni vakuoli ya hamira. Hamira ni ileile inayoumusha mkate na maandazi. Kila punje yake hai ni seli moja. Ndani ya seli hiyo kuna mfuko mkubwa unaofanya kazi ya lisosomu, na wataalamu wengi waliuhesabu kuwa shimo la takataka. Watu wa Kolwezi hawana haja ya kuelezwa sana juu ya shimo la takataka. Mchanga uliobaki baada ya mitambo kutoa shaba ulimwagwa miaka na miaka Kingamyambo na katika bonde la Musonoi, ukahesabiwa si kitu. Leo mabaki yaleyale yanachotwa na kusafishwa upya, yanatoa shaba na kobalti. (Kama faida yake inafika Mashamba, hilo ni andiko lingine.) Ohsumi alikuwa na swali la namna hiyo kuhusu mfuko wa hamira: je, kinachoingia humo kinapotea tu, au kinarudi kazini?

Taabu ilikuwa moja. Seli ya hamira ni ndogo, na kitu kikiingia ndani ya vakuoli huvunjwa haraka, kabla jicho halijakiona. Fikirini mashine ya kusaga mahindi ya kartiye. Ikisaga vizuri, magunia yanaingia na kutoka, na huwezi kujua ni mangapi yamepita wala ni ya nani. Umeme ukikatika, magunia yanarundikana mlangoni, ndipo unayahesabu. Ohsumi alifanya hivyo hasa. Alichukua hamira iliyopungukiwa vimeng'enya vya kuvunja protini ndani ya vakuoli, akainyima naitrojeni ili ione njaa, kisha akaitazama kwa hadubini ya kawaida. Baada ya saa chache vakuoli ilijaa vifurushi vidogo vya mviringo, vinatikisika humo ndani kama punje kwenye maji yanayochemka. Kila kifurushi kilikuwa kimebeba sehemu ya seli yenyewe. Wengi walikuwa wamesikia habari za autofajia. Yeye aliipata mahali anapoweza kuihesabu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992.

Kazi iliyofuata haikuwa na utukufu wowote. Akiwa na mwanafunzi wake Miki Tsukada, aliharibu jeni za hamira bila kuchagua, kisha wakatafuta, koloni moja baada ya nyingine, zile ambazo zikiona njaa haziwezi kutengeneza vifurushi. Mwaka 1993 walitangaza jeni 15 ambazo moja ikiharibika, autofajia inasimama. Miaka iliyofuata, Tokyo kisha Okazaki, walijifunza kila jeni inafanya nini: ipi inapokea habari ya njaa, ipi inajenga ukuta wa kifurushi, ipi inaufunga. Halafu ikaonekana kwamba nyingi za jeni hizo tunazo na sisi wanadamu. Kilichoonekana kwenye chachu ya mkate kilikuwa kinaeleza ini la mtu.

Katika kazi zilizotoka kwenye mti huo, iliyotugusa zaidi ni ya Noboru Mizushima na wenzake, mwaka 2004. Mizushima alifanya kazi kwa Ohsumi kabla ya kuwa na maabara yake. Walionyesha kwamba mtoto wa panya akizaliwa tu, autofajia yake hupanda kwa nguvu. Chakula cha kondo la nyuma kimekatika, maziwa bado hayajaja vya kutosha, na katika saa hizo mtoto anaishi kwa kuvunja sehemu zake mwenyewe. Watoto wa panya walionyimwa jeni moja ya autofajia walizaliwa wakionekana wazima, wakafa ndani ya siku moja hivi. Wakunga wetu wameona mara nyingi saa ile ya kungojea maziwa. Sasa tunajua Muumba aliweka nini ndani ya seli kwa ajili yake.

Tarehe 3 Oktoba 2016 ilitangazwa kwamba Ohsumi amepata Tuzo ya Nobel ya tiba, peke yake bila mwenzi. Tuzo ilikuwa kwa kugundua namna autofajia inavyofanya kazi. Katika utafiti uliompa tuzo hapakuwa na mtu aliyefunga, hapakuwa na mgonjwa wa sukari, hapakuwa na saratani iliyopotea. Palikuwa na hamira ndani ya chupa, imenyimwa naitrojeni.

Meseji ina kweli ndani yake, na ndiyo maana inapita haraka. Ni kweli njaa huamsha autofajia, kwa hamira na kwa panya. Na kwa mwanadamu kuna kila sababu ya kuamini hivyo. Lakini anayesema itaanza saa ya kumi na sita, au siku ya tatu, anasema kitu ambacho hospitali haina kipimo cha kawaida cha kukithibitisha kwa mtu aliye hai. Na kuhusu saratani, habari inaweza kugeuka kabisa. Autofajia husaidia kuzuia seli nzima isiharibike, lakini seli ya saratani ikishakua hutumia autofajia hiyohiyo kuvumilia njaa. Kwa sababu hiyo madaktari wamejaribu kuizuia kwa wagonjwa wa saratani, na dawa waliyojaribu ni haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini tuliyonywa sisi sote utotoni kwa malaria. Klorokwini hukusanyika ndani ya lisosomu na kupunguza ukali wake. Msemaji wa meseji anawaambia wagonjwa waongeze kitu ambacho watafiti wengine wanatafuta namna ya kukizima.

Kuna na kifua kikuu, ugonjwa unaojulikana sana kwa wachimbaji. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba autofajia inaweza kusaidia seli kukamata vijidudu vyake. Lakini mgonjwa wa kifua kikuu anakonda, na anahitaji chakula pamoja na vidonge vyake vyote mpaka mwisho. Tukimwambia afunge tunamwondolea kilichobaki.

Sasa turudi kwa mama. Kwa mtu mzima wa afya, insulini na glukagoni ni kama watu wawili wanaovuta kamba. Ukila, insulini inapanda na kuambia mwili uweke akiba na upunguze kuvunja. Ukikaa na njaa, insulini inashuka lakini haiishi, glukagoni inapanda, akiba inatoka kidogo kidogo. Mama huyu mwili wake hautengenezi insulini ya kutosha. Anayo ile ya sindano. Alipoiacha, upande mmoja wa kamba haukuwa na mtu. Protini za misuli zikavunjwa bila breki, kwa autofajia na kwa njia nyingine ya seli iliyowapatia Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Nobel ya mwaka 2004. Mafuta nayo yakavunjwa, yakageuka asidi, damu ikawa kali, na ile kuhema aliyohema ilikuwa mapafu yakijaribu kuitoa. Ini liliendelea kumwaga sukari ingawa hakuwa ameonja kitu. Meseji ilimwahidi kwamba mwili wake utajila na kupona. Ulikuwa unajila kweli, na hakuwa na cha kuusimamisha.

Alituambia baadaye sababu nyingine, ambayo hatukuitazamia. Alikuwa amechoka na ile insulini. Inataka baridi, na kwao umeme unakuja unavyotaka, kwa hiyo anaitunza kwenye chungu chenye mchanga uliolowa, anaumwagia maji asubuhi na jioni. Nyaya zinazoleta umeme kutoka Inga, kilomita kama 1,700, zinaishia hapahapa Kolwezi. Meseji ile ilimkuta mtu aliyekuwa anatafuta ruhusa ya kupumzika, na sisi tukampa.

Wapendwa, hatuandiki haya ili kupunguza kufunga. Tunaendelea kufunga. Lakini ukisoma Isaya 58, nabii anapoeleza funga ambayo Mungu anaitaka, anazungumza juu ya kufungua waliofungwa na kugawa mkate kwa wenye njaa. Usafi wa seli haumo. Danieli sura ya 10 aliacha vyakula vizuri kwa majuma matatu, hatuambiwi kwamba aliacha kila kitu. Na Paulo alipomwandikia Timotheo juu ya tumbo lake lililokuwa linamsumbua mara kwa mara, alimpa shauri la kitu cha kunywa. Tunaofunga kwa ajili ya Mungu hatuhitaji Stockholm itusaidie, na tukimlazimisha Ohsumi aseme asichosema, tunamshuhudia jirani uongo, hata kama jirani huyo yuko Japani.

Na kuna wanaofunga bila kutangaziwa. Mchimbaji anayeshuka shimoni alfajiri na kula mara moja, usiku. Mtoto aliyevimba miguu kwa kukosa ndakala. Miili yao inafanya kila siku kile tulichokieleza, inavunja misuli ili moyo na ubongo viendelee. Seli ilipewa uwezo huo wa kuvuka saa mbaya. Miezi haivukwi hivyo.

Maombi yajayo yataanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Safari hii mashemasi watapita kwanza kwenye vikundi na swali moja: nani anatumia dawa ya kila siku? Mwenye sukari, presha, kifafa, kifua kikuu, anayetumia dawa za ukimwi, mama mjamzito na anayenyonyesha, waongee na muuguzi au daktari kabla hawajaandika jina, na wasiache dawa hata siku moja. Kutakuwa na zamu za maombi kwa wasiofunga chakula. Mama wa kwaya amechukua zamu ya saa kumi na moja alfajiri. Atakuja akiwa ameshajidunga na kunywa uji wake.